Kiti cha Mtu Mmoja

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Ninyi nipeni masikio, mimi nitawapa aibu yangu, na tukimaliza nitawaomba mnilipe kwa uamuzi.

Hadithi hii ina watu watatu wenye vipaji na mmoja asiye na kipaji. Wa kwanza ni Sekela, mshonaji wa vitambaa vya masofa hapa Tukuyu. Kipaji chake ni kipimo. Iwe chumvi, iwe maneno, iwe pesa, hatoi zaidi ya alichokusudia kutoa. Wa pili ni Lusajo, fundi wa fremu. Kipaji chake ni kutoamini. Ukimwambia mvua inanyesha, hutoa mkono nje kwanza ahakikishe, na mvua ya Tukuyu mnaijua, haihitaji shahidi. Wa tatu tulimjua kwa jina la kwenye simu tu, Mshika Kibendera, mtabiri wa mechi za mpira. Kipaji chake ni adimu kuliko vyote: alijua kusema "sijui".

Asiye na kipaji ni mimi, Ambakisye, mume wa Sekela, mtia sponji katika karakana hiyo hiyo. Ningeweza kusema "hapo zamani palikuwa na mtu mmoja" nikajificha humo. Lakini Lusajo hupita njia hii, na mdomo wake mnaufahamu.

Basi nilikuwa nabeti. Kila asubuhi, hata chai sijanywa, natandika mkeka. Kwa wasiojua, mkeka ni mechi nyingi unazozifunga pamoja kwa dau moja. Zikitimia zote unavuna, ikikosea moja tu mkeka umechanika na pesa imekwenda. Nilimfuata mtabiri mmoja aliyejiita Profesa Uhakika. Alitutoza ada kila wiki, alipiga picha ameegemea magari, na ukifungua kundi lake la WhatsApp siku zote unamkuta ameshinda. Mimi nachaniwa mikeka kila siku kwa utabiri wa mtu asiyekosea, na wala sijiulizi! Nilidhani kasoro ni yangu. Labda nimechelewa kutuma, labda nina gundu.

Mwanzoni mwa Januari Profesa akatangaza mkeka wa mechi kumi na moja, akauita "wa kustaafia". Siku hiyo Sekela alikuwa Kyela msibani. Nikaibeba cherehani yake nikampelekea mkopeshaji mmoja wa sokoni, akanipa laki moja na ishirini. Makubaliano ni nirudishe laki moja na themanini kabla Machi haijaisha, la sivyo anaiuza. Mechi kumi zikatimia. Ya kumi na moja naomba msiniulize.

Cherehani ile Sekela aliinunua kwa miaka minne ya kuuza ndizi stendi. Aliporudi msibani alisimama akatazama sakafu, pale penye alama za miguu yake, akaniuliza neno moja tu: "Wapi?" Nikamwambia. Hakupiga kelele. Alitoa sindano ya mkono, akakaa chini na kuendelea kushona foronya ya mteja. Kitambaa cha sofa ni kigumu, na sindano ya mkono si mchezo. Wiki ya pili vidole vyake vilikuwa vimevimba, nami kila nikivitazama nilitafuta pa kutazama pengine. Afadhali angenipiga.

Niliapa kuacha, nikaacha siku tatu. Nikaapa tena na Biblia mkononi, nikaacha siku nne. Sikio la kufa halisikii dawa. Hapo ndipo wale watatu walipoingia kazini.

Sekela aliniweka kitako. "Baba Lugano, kuacha kumekushinda. Nimekuona ukitetemeka kama mwenye malaria. Basi utacheza, lakini utacheza kwa mkono wangu. Dau elfu moja, mechi moja, Jumamosi tu. Tukishinda, dau elfu moja. Tukishindwa, dau elfu moja. Na ile elfu mbili na mia tano uliyokuwa ukiitupa kila siku inaingia humu." Akaweka kopo tupu la maziwa mezani.

"Na nikiona mechi ya wazi kabisa siku ya Jumatano?"

"Itazame. Kutazama ni bure."

Tangu siku hiyo namba ya siri ya akaunti akawa nayo yeye, na utabiri ukaingia kwenye simu yake. Mimi nilibaki na simu ya kupokelea salamu.

Lusajo naye alinicheka kwanza, ndiyo kawaida yake, kisha akasema: "Shemeji amekufunga breki, lakini anayekuonyesha njia bado ni tapeli. Tumtafute mtu wa kweli." Akachukua penseli ya useremala. Kabla ya kila mechi alikuwa anaandika walichosema watabiri watano, jina kwa jina, kwenye mbao za ndani za fremu tuliyokuwa tukiitengeneza. Nikamuuliza kwa nini asiandike kwenye daftari. "Daftari utalifuta wewe," akasema. "Na Profesa anafuta ujumbe wake kila akikosea, ndiyo maana unamwona bingwa. Ubao haufutiki, unashonewa kitambaa juu yake." Mwezi mzima hatukuweka hata senti, tuliandika tu.

Sasa mafundi tulivyo, tulijisahau. Sofa likakamilika, mteja akaja, tukapokea pesa, tukampakilia. Kesho yake Lusajo ananiuliza ubao uko wapi. Ubao ulikuwa sebuleni kwa mchungaji, chini ya makalio ya wazee wa kanisa! Ikabidi Lusajo aende na koleo, akadai kuna msumari umelegea. Alilipindua lile sofa, akafungua kitambaa cha chini, akawa ananakili watabiri wa kamari huku mke wa mchungaji amesimama na chai anamwambia, "Mungu akubariki fundi, unajali kazi yako." Aliporudi alikuwa na jibu. Profesa alitabiri mechi thelathini akapata tisa. Mshika Kibendera alitabiri nne tu mwezi mzima, akapata tatu. "Lakini si hizo tatu zilizonivuta," Lusajo akasema. "Ni ile moja. Alisema mwenyewe kwamba amekosea, kabla mtu hajamuuliza."

Mshika Kibendera hakutoza ada. Alitoa mechi moja kwa wiki, na wiki nyingine aliandika maneno mawili tu: "Sijui. Msicheze." Hakushangaa majina makubwa ya timu. Alikuwa akiandika, "Kipa wao anaogopa mpira wa juu," au "Beki wa kulia anachechemea tangu juzi, mwalimu wake anamficha." Akikosea: "Kosa ni langu, msimlaumu mwamuzi." Wengine kundini walimtukana kwa sababu odi zake, yaani malipo ya ushindi, ni ndogo na hana mikeka ya utajiri. Yeye aliwajibu mara moja tu, kwamba anayetaka utajiri akalime parachichi.

Sekela akaanza kumwandikia pembeni, nje ya kundi. Mimi sikuona ubaya, mtu wa simu ni mtu wa simu. Akamuuliza mambo ya mpira, wakataniana. "Mzee, leo umetulaza na njaa," naye anajibu, "Nisamehe mama, hata mimi nimelala na uji." Siku moja Sekela akamweleza yote: cherehani, sokoni, vidole vyake. Jibu likaja: "Mama, mwanamume akifika mahali pa kuweka rehani cherehani ya mkewe, usimtafute yeye. Mtafute aliyemlea." Sekela alinisomea kwa sauti, tena mara mbili.

Katikati ya hayo baba yangu alipita karakanani, kama apitavyo kila wiki. Sekela alitoka kwa mlango wa nyuma, kama ada yake. Baba akakaa kwenye benchi, akanyoosha sikio. "Mbona siku hizi sisikii cherehani?"

"Iko kwa fundi, baba. Inatiwa mafuta."

"Mwezi mzima inatiwa mafuta?"

Nikainama chini ya meza nikajifanya natafuta misumari. Nilikaa huko chini mpaka akaaga. Mtu mzima na mvi zangu mbili, nimejificha chini ya meza kwa baba yangu mzazi.

Kopo likajaa polepole. Niseme ukweli, maana wako vijana hapa watakaoondoka wakidhani kubeti kumenijenga. Ushindi wote wa Mshika Kibendera, ukitoa tulichopoteza, haukufika elfu kumi. Kilichojaza kopo ni mikeka ambayo sikuitandika.

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Jumatatu ndiyo siku ya mkopeshaji. Kopo lina laki moja na sitini, tumepungukiwa elfu ishirini. Asubuhi hiyo hiyo, mwenzenu nikachungulia kundi la Profesa, ambalo nilikuwa nimeapa nimetoka. Ametangaza mechi moja: "Leo nimeongea na mtu wa ndani." Damu ikanipanda. Nikaingia karakanani mbio.

"Mama Lugano, nipe kopo lote. Mechi moja tu! Jioni tunakomboa cherehani na chenji inabaki!"

Sekela aliliweka kopo chini, akatandaza kanga, akalikalia. "Dau ni elfu moja."

Nikamshika mkono nimwinue. Ndiyo, nilimshika mkono mke wangu, na vidole vyake vikiwa vile. Lusajo, ambaye hakuwa ameacha kuandika watabiri wake, akaja kati yetu na fremu mpya begani, akaigeuza upande wa ndani, akanisukumia karibu kabisa na uso. "Soma kwa sauti." Nikasoma: Profesa, kakosa. Profesa, kakosa. Profesa, kakosa. Nilifika mstari wa saba nikaisukuma fremu pembeni.

Nikabadilisha wimbo. "Basi tusimfuate Profesa. Tucheze ya Mshika Kibendera, lakini dau liwe kopo lote!" Hapo simu ya Sekela ikalia mlio wa ujumbe. Akausoma akiwa bado amekaa juu ya kopo: "Wiki hii sijui. Msicheze. Hata ile elfu moja, mama, usiiweke."

Nikaachia mkono. Mechi ya Profesa iliisha saa kumi na moja jioni na timu yake ikapigwa tatu bila. Lusajo alipoleta habari hizo nililia mbele yao wote wawili, na Lusajo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakucheka. Jumapili niliuza simu yangu. Jumatatu tulirudisha cherehani kwa toroli.

Nilipoisikia ikinguruma tena, moyo ukanijaa nikatoa ahadi bila kufikiri. Nikasema: kitu cha kwanza kitakachotoka kwenye cherehani hii ni kiti cha mtu mmoja, na nitampa aliyeniokoa. Tulikuwa na kipande cha kitambaa kizito cha kijani kilichobaki kwa mteja, kinatosha kiti kimoja tu. Fremu aliitoa Lusajo, nilijaza sponji mwenyewe, Sekela akashona. Kikatoka kiti, jamani! Mkuu wa wilaya hana.

"Sasa tumwulize na Mshika Kibendera anaishi wapi," nikasema. "Naye ana haki ya kusikilizwa kabla sijachagua kati yenu watatu." Sekela akamwandikia shukrani, akamwambia cherehani imerudi, akamuuliza yuko mkoa gani. Jibu likaja kwa sauti, mara ya kwanza. Sekela akafungulia simu tusikie wote.

"Miwani yangu imevunjika, mama, nasema kwa mdomo. Ndaga fijo, asante sana, kwa habari njema. Mungu amsaidie huyo mumeo. Na baba yake, kama yu hai, mimi ningependa nimwone. Si kumlaumu. Nimpe pole tu, mzee mwenzangu."

Ilikuwa sauti ya baba yangu.

Sekela aliitupa simu juu ya sponji, akajifunika uso kwa kanga. Alijifunika uso mbele ya simu, akarudi nyuma mpaka ukutani. Wasiotoka kwetu watashangaa, basi niwaeleze. Sisi Wanyakyusa tuna mwiko wa wazee: mkazamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemezani, hawakalii kiti kimoja. Siku hizi wengi wameulegeza, lakini kwetu haujalegea. Ndiyo maana baba akija, Sekela hutoka kwa mlango wa nyuma. Miaka tisa ya ndoa hawajapeana hata salamu. Na sasa alikuwa amemtania kuhusu njaa, amemweleza ya chumbani, amemwita "mzee umetulaza".

Na mimi je? Baba ni mzee wa kanisa, na nimemsikia mwenyewe akisema kamari ni shimo. Nilisahau kwamba alishika kibendera katika mechi za wilaya miaka kumi na tisa, akikimbia pembeni ya uwanja na kutazama miguu ya watu. Yeye habeti. Nadhani aliwaonea huruma wanaobeti, akaona afadhali awaambie ukweli kidogo kidogo, kwa jina la bandia na namba nisiyoijua, ili kanisa lisijue. Hakujua kwamba mume wa yule mama ni mimi. Aliponihukumu, alijihukumu mwenyewe bila kujua.

Lusajo ndiye aliyeanza kusema. "Basi kiti nipeni mimi. Mimi sina mkwe." Kisha akasema kwa dhati: "Kusema kweli ni changu. Bila mimi mngekuwa mnamsikiliza nani? Ukweli ulikuwepo kwenye simu siku zote, na wewe ukaupita kila siku ukienda kwa Profesa. Mtafutaji ndiye mwokoaji."

Sekela alisema kutoka ndani ya kanga. "Na angekuwa mtabiri malaika, bila mkono wa kukuzuia ungeweka nyumba. Mimi nimekaa juu ya lile kopo. Vidole ni vyangu, cherehani ni yangu. Sijawahi kukuomba kitu, Baba Lugano. Kiti hicho nakitaka." Akafunua jicho moja akakitazama. "Lakini nikikikalia, baba hatakikalia milele. Akija hapa atakiona, atauliza."

Tena hapo ndipo nilipobanwa. Nikimpa Sekela, namnyima baba yangu kwa siri, na kila akipita nitamdanganya. Nikimpa baba, lazima nimwambie ni cha nini. Nikimwambia, atajua kwamba yule mwanamume ni mwanawe, na yule mama aliyetaniana naye ni mkazamwana wake. Mzee ana miaka sabini na miwili. Atakaa kwenye kiti kizuri akiwa amevunjika, na Sekela ameapa kwamba siku hiyo anarudi kwao. Nikimpa Lusajo, wote wawili wanabaki salama, na mimi najua moyoni kwamba nimempa kwa sababu yeye ndiye rahisi. Je, baba hastahili? Yeye peke yake alinisaidia bila kujua ni mtoto wake. Alinisaidia kama angemsaidia mtu yeyote mpumbavu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kiti nikakifunika nailoni nikakisukuma pembeni. Jana baba akapita. Sekela akatoka nyuma. Mzee alikuwa na miwani mpya, akaona kona ya kijani, akaifunua nailoni kwa fimbo. Akapapasa mkono wa kiti, mshono kwa mshono.

"Cherehani imerudi," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mshono mzuri. Mkono wa mkeo huu." Aliendelea kupapasa, hakunitazama. Kisha akasema taratibu, "Kuna mwanamke mmoja namfahamu kwa mbali, naye cherehani yake imerudi wiki hii hii." Nilimwona anahesabu, kama mtu anayekumbuka mpira ulivuka mstari au haukuvuka.

"Ambakisye," akaniita. "Kiti hiki cha nani?"

Mdomo nikaufungua. Nyuma ya mlango nilisikia kanga ya Sekela ikigusa ukuta, alikuwa anasikiliza. Lusajo ameshika nyundo hewani. Nikasema nakwenda kumchukulia chai, na chai hiyo sijarudi nayo mpaka sasa. Nimelala kwa shangazi. Mzee ameacha ujumbe kwamba anarudi Jumamosi, na kwamba atauliza swali lile lile.

Sasa ninyi mmekaa, mmekula, mmenicheka. Mwenye kipimo, mwenye kutoamini, au mwenye kusema "sijui": kati ya hao watatu mngemkalisha nani? Na huyo wa nne, aliyekimbia kwa kisingizio cha chai, baba yake akimuuliza Jumamosi, mngemwambia ajibu nini?